Onja Maji: Mifano ya Nyumbani na Ufahamu Usio na Uwili

Somo langu jioni hii ni lile ambalo wengi hulihesabu kuwa la mbali, na ambalo mimi naliona liko karibu nasi kuliko mengi tunayofundisha hapa chuoni.

Katika sura ya sita ya Chandogya Upanishad, kitabu ambacho wataalamu wengi hukiweka kati ya karne ya 8 na ya 6 kabla ya Kristo, yumo kijana anayeitwa Shvetaketu. Alikwenda kusoma Veda akiwa na miaka 12, akarudi ana miaka 24, amehitimu, na majivuno yamemjaa. Baba yake, Uddalaka Aruni, hakumkemea. Alimuuliza tu kama walimu wake walimfundisha lile jambo ambalo mtu akilijua, hata asiyowahi kuyasikia huwa ameyasikia. Kijana hakuwa na habari nalo. Basi baba akaanza kumfundisha, na vifaa vyake vya kufundishia vilikuwa vitu vya uani: donge la udongo wa mfinyanzi, asali, maji ya mito, tunda la mti wa jamii ya mkuyu, na chumvi.

Somo la chumvi ndilo lililonishika tangu nilipolisoma mara ya kwanza. Baba anamwagiza mwanawe atie bonge la chumvi ndani ya maji, aende akalale, arudi asubuhi. Asubuhi anamtaka amrudishie lile bonge. Kijana anapapasa, halioni. Anaambiwa aonje maji ya juu, kisha ya kati, kisha ya chini, na kila akionja anakuta chumvi. Hapo ndipo baba anapomweleza kwamba kile kilichoenea katika vyote bila kuonekana ndicho dhati ya vyote, na kwamba dhati hiyo ndiyo yeye Shvetaketu. Maneno hayo ya mwisho yanarudiwa mara tisa katika sura hiyo moja, kila mara baada ya mfano mpya.

Tazameni jinsi somo lenyewe lilivyopangwa. Uddalaka angeweza kumwambia mwanawe kwamba chumvi ikiyeyuka huenea katika maji yote. Sentensi moja ingetosha, na kijana aliyesoma miaka 12 angeitikia kwa kichwa. Badala yake alimfanya atie, angoje usiku mzima, atafute na akose, kisha aonje mara tatu. Ujuzi ulipofika, ulifika kwenye ulimi wake mwenyewe. Hoja yangu jioni hii inaanzia hapo. Mifano ya kila siku inayotumiwa kuelezea ufahamu usio na uwili iko ya aina mbili: ipo inayompa mtu kitu cha kutazama, na ipo inayompa kazi ya kufanya. Ile ya kwanza hupendeza zaidi na husambaa haraka zaidi. Ile ya pili ndiyo inayotimiza ilichokusudiwa.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Katika shughuli zetu zote tunachukulia kwamba yuko mtu ndani, nyuma ya macho, anayetazama, na uko ulimwengu nje unaotazamwa. Hatufundishwi jambo hili. Tunalikuta tayari, kama mpangaji anavyozikuta kuta za chumba. Wanafalsafa wa Advaita Vedanta kule Bara Hindi, na kwa njia yao tofauti Wabuddha wa Uchina, Japani na Tibet, wamesema kwa karne nyingi kwamba mpaka kati ya huyo wa ndani na huo wa nje haupatikani popote mtu akiutafuta kwa makini. Muadhini anapoadhini alfajiri, sauti inasikika. Msikiaji tunamwongeza baadaye, tunapoanza kusimulia. Madai yao hayasemi kwamba mtu husahau jina lake au hushindwa kutofautisha mkono wake na kikombe. Yanasema kwamba kusikia kwenyewe, kabla ya simulizi, hakuna pande mbili.

Ugumu wa kulisema jambo hili unaonekana mara moja. Sentensi za lugha mara nyingi huwa na mtendaji na mtendwa. Nikisema naufahamu ufahamu, nimeshakata kitu kimoja vipande viwili. Ndiyo sababu waliolishughulikia walikimbilia mifano, na ndiyo sababu mfano mmoja haukuwatosha kamwe.

Mashuhuri kuliko yote ni wa kamba na nyoka. Gaudapada, mwalimu wa kale wa Advaita, anautumia katika beti zake za kufafanua Mandukya Upanishad, na wafuasi wa Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8 ambaye mapokeo yanasema alizaliwa Kaladi katika Kerala ya leo, waliufanya kuwa kama nembo ya mkondo mzima. Mtu anapita njiani magharibi inapoingia. Anaona nyoka, anaruka, moyo unamwenda mbio. Taa inaletwa, na kumbe ni kamba. Nyoka hakufukuzwa wala hakuuawa, hakuwahi kuwapo. Lakini hofu ilikuwa ya kweli, na jasho lilikuwa la kweli. Naupenda mfano huu kwa sababu haumdharau aliyeogopa. Mkulima anayerudi shamba gizani anafanya vyema kuruka hata kama ni kamba, maana akikosea kwa upande wa pili atakufa. Mfano unasema tu kwamba dawa ya hofu ya aina hii ni mwanga, na kwamba anayeishambulia nafsi yake kwa mateso na njaa akidhani ataiua anaipiga kamba fimbo.

Hata hivyo mfano huu unafika mahali unakwama. Baada ya taa kuletwa, bado wapo wawili: kamba chini, na mtu aliyesimama kando yake akiwa na taa. Kosa limesahihishwa, uwili umebaki. Shankara mwenyewe, katika utangulizi wa ufafanuzi wake wa Brahma Sutra, anataja mifano mingine miwili: kombe la chaza linalodhaniwa kuwa fedha, na mwezi mmoja unaoonekana kama miwili. Huu wa mwezi hautajwi sana, nami naona ndio wenye nguvu zaidi. Aliyeona miezi miwili hana haja ya kwenda na taa mbinguni. Akitaka kujua kosa liko wapi, itambidi aligeukie jicho lake. Mtazamaji, aliyekuwa amejificha nje ya mfano wa kamba, anaburutwa na kuingizwa ndani.

Karne ya 20 ilileta mfano mpya, na leo ndio unaosambaa kuliko wote, kwenye vitabu vya kujisaidia na kwenye video fupi za walimu wa Marekani na Ulaya: mfano wa skrini ya sinema. Aliyeupa umaarufu ni Ramana Maharshi. Alizaliwa mwaka 1879 kusini mwa India. Mwaka 1896, akiwa kijana wa miaka 16 katika mji wa Madurai, hofu ya kifo ilimvamia ghafla. Akajilaza sakafuni kama maiti na kujiuliza ni nani hasa anayekufa. Wiki chache baadaye aliondoka nyumbani akaenda Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, na hapo akakaa mpaka alipofariki mwaka 1950. Waliomtembelea katika miaka ya 1930 waliandika mazungumzo yake. Sinema ilikuwa imeshaingia katika miji ya India, na Ramana, ambaye hakuwa na haja ya kwenda kuitazama, alikiona ndani yake chombo cha kufundishia. Moto unaowaka kwenye picha hauunguzi skrini. Mafuriko hayailowanishi. Mashujaa wanakufa na kufufuka juu yake, nayo iko vilevile. Ufahamu, alisema, ndivyo ulivyo.

Ni mfano mzuri sana kwa mtu aliyezama katika dhiki, na sina shaka umewatuliza wengi. Pia ni mfano wa hatari, na hatari yake nimeiona kwa vijana waliokuja kuzungumza nami. Anayesikia habari za skrini mara nyingi huishia kukaa kwenye kiti cha mtazamaji. Anajifunza kurudi nyuma hatua moja kutoka kwa kila kinachotokea na kukiita picha. Mkewe analia jikoni. Yeye anatulia, anajiambia kwamba yeye ni skrini na kilio ni filamu. Anadhani ameufikia umoja, kumbe ameongeza ukuta. Mwanzo alikuwa mtu aliyetengana na mkewe kwa ugomvi. Sasa ametengana na ugomvi wenyewe. Ramana hakuishi hivyo. Kila alfajiri aliingia jikoni mwa ashram yake kukata mboga pamoja na wapishi, na wakati wa chakula hakukubali kupewa kilicho tofauti na walichopewa wengine. Ila maisha yake hayasafiri pamoja na mfano wake. Kwenye simu ya kijana unafika mfano peke yake.

Walimu wa Dzogchen, mkondo wa tafakuri wa Kibuddha wa Tibet, akiwamo Longchenpa wa karne ya 14, wanapendelea anga: mawazo yapite kama mawingu yanavyopita, anga haidhuriki. Mfano huu ni ndugu wa ule wa skrini, ila una nafuu moja, kwamba anga haina kiti cha mtazamaji na wingu halitoki nje yake. Sitakaa hapo.

Nitakaa kidogo kwenye kioo, kwa sababu hapo mapokeo yenyewe yalijisahihisha hadharani. Sutra ya Jukwaa, maandishi ya Kibuddha ya Uchina, inasimulia kwamba mzee Hongren alitaka kumpata mrithi, akawaagiza watawa waandike beti za kuonyesha walichokielewa. Shenxiu, mwanafunzi mkuu, aliandika kwamba akili ni kama kioo king'aacho, na kazi ya mtawa ni kukipangusa kila wakati vumbi lisije likakaa. Huineng, kijana asiyejua kusoma, aliyetoka kusini na kazi yake ilikuwa kutwanga mpunga huko nyuma, aliposomewa ubeti huo aliomba mtu amwandikie wa kwake. Aliuliza: kama tangu mwanzo hakuna kitu, vumbi litakaa wapi? Wanahistoria wa leo wana mashaka makubwa kama tukio hilo lilitokea hivyo. Yaelekea masimulizi yalitungwa na kundi lililotaka kumkweza Huineng. Kwangu hilo halipunguzi uzito wake. Jamii nzima ya watawa ilichagua kukumbuka asili yake kama kisa cha mfano uliovunjwa, na ikaweka mchi wa kutwangia mkononi mwa aliyeuvunja.

Sasa ningependa tufanye jambo hapa ukumbini, halafu mtaniambia kama hoja yangu inasimama. Kila mmoja anyooshe kidole cha shahada akielekeze ukutani, kule mbele. Kidole kinaonyesha ukuta: una rangi, una umbo, una umbali. Kishusheni kielekee gotini. Bado kitu, bado kina umbo. Kipandisheni kifuani. Sasa kigeuzeni kielekee pale mnapotazamia, usoni mwenu wenyewe. Wekeni kando kumbukumbu ya kioo na picha za pasipoti. Kwa kutegemea kinachoonekana sasa hivi tu, kidole hicho kinaonyesha nini?

Asanteni, mnaweza kushusha mikono. Zoezi hili ni la Douglas Harding, msanifu majengo wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 2007, mwandishi wa kitabu kidogo cha mwaka 1961 kuhusu kutokuwa na kichwa. Mwanafizikia Ernst Mach alikuwa amechapisha mwaka 1886 mchoro wa kile jicho lake la kushoto lilichokiona akiwa amejilaza kwenye kochi: ukingo wa nyusi, pua, masharubu, kiwiliwili, miguu, kisha chumba na dirisha. Kichwa hakimo. Kwa maneno ya Mach huo ulikuwa uchunguzi wa hisi. Kwa Harding ukawa mlango. Pale alipozoea kudhani kuna kichwa kinachoutazama ulimwengu, akikagua bila kudhani, aliukuta ulimwengu wenyewe.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa watoto: kichwa kipo, daktari atakipima. Ni kweli kipo, na Harding hakukataa. Swali lake lilikuwa juu ya kinachopatikana kutokea hapa, mahali ambapo daktari hawezi kusimama. Lakini nataka mkumbuke nilichosema mwanzoni, kwa sababu zoezi hili linanilazimisha kukinoa. Mngeweza kuelewa kwamba naipinga mifano ya macho na kutetea ya ulimi. Kidole hiki kinatumia macho, na bado kinafanya kazi ileile ya chumvi. Kwa hiyo mlango wa hisi unaotumika si muhimu. Muhimu ni kama mfano unamruhusu msikilizaji abaki nje yake. Kamba na skrini vinamruhusu. Mwezi wa pili unamkaribia. Chumvi na kidole vinamtaka aingie mwenyewe, maana bila mkono wake na ulimi wake mfano wenyewe haupo.

Hapa ndipo suala la kuwapo linapoingia, nami natumia neno hilo kwa maana tunayoijua sote tunaposema fulani yupo lakini hayupo. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha mwaka 2010, katika jarida la Science, utafiti uliofanywa kwa programu ya simu iliyowauliza watu wazima 2,250, kwa nyakati za kubahatisha, wanafanya nini na wanawaza nini. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa kwingine. Na walioripoti akili kutangatanga waliripoti furaha kidogo zaidi, hata pale ilipotangatanga kwenye mambo yasiyo mazuri wala mabaya. Waislamu wa pwani wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu bila simu. Mtoto wa madrasa hufundishwa mapema kwamba kuinama na kusujudu peke yake hakutoshi. Sala hutaka khushui, moyo uhudhurishwe. Mzee anayesema alisali rakaa nne na hakumbuki hata moja anasema jambo ambalo kila mwenye kusali analielewa.

Lakini kuwapo kunaweza kufundishwa vibaya. Siku hizi mara nyingi hufundishwa kama nguvu ya kukaza: mimi hapa, kazi ile pale, nami naikazia macho nisipotee. Hapo uwili umepewa misuli. Kuna kisa kinachoonyesha kuwapo kwa namna nyingine, na nakileta kwa urefu kwa sababu sijakutana na kingine kinacholingana nacho. Dogen, mtawa wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1200, alivuka bahari mwaka 1223 kwenda Uchina kutafuta mafundisho. Katika nyumba ya watawa ya Tiantong, siku moja ya joto kali, alimkuta mpishi mzee akianika chakula juani mbele ya ukumbi wa Buddha. Mgongo umepinda kama upinde, nyusi nyeupe, fimbo mkononi, kichwani hana kofia, na vigae vya chini vinaunguza. Dogen alimuuliza miaka yake. Ilikuwa 68. Akamuuliza kwa nini hawaachii wasaidizi kazi hiyo. Mzee akajibu kwamba wengine si yeye. Dogen akasema, sawa, lakini jua ni kali namna hii, kwa nini afanye sasa? Mzee naye akamuuliza angoje wakati gani mwingine. Dogen akanyamaza. Alikiandika kisa hicho mwaka 1237, katika maelekezo yake kwa wapishi wa nyumba za watawa, na akasema hapo ndipo alipoanza kuelewa kazi ya jikoni ni nini.

Jibu la kwanza la mzee linaonekana kama kinyume cha kila nilichokisema. Kusema wengine si mimi ni uwili mtupu, mtu angedhani. Nimelifikiria sana, na nalisoma hivi: mzee hana wa kumpa ile kazi kwa sababu hakuna mtu aliyesimama kando ya kazi akiishika, ambaye angeweza kumkabidhi mwingine. Kuanika na anayeanika havijaachana. Na swali lake la pili halihusu saa. Anayengoja wakati mwingine ameshajitoa katika huu. Ameshakuwa mtazamaji wa maisha yake yajayo. Dogen alivuka bahari akitafuta maandiko na tafakuri, akajibiwa na mtu anayeanika chakula. Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris wa karne ya 17 aliyetumika jikoni, alifundisha jambo la karibu na hilo ndani ya imani ya Kikristo, kwamba kelele za sufuria hazikumtenga na uwapo wa Mungu kuliko sala ya kanisani ilivyomtenga.

Sasa nifike kwenye pingamizi, na si dogo. Je, ikiwa mtu ameonja kutokuwa na pande mbili, amepata haki ya kusema vitu vyote ni kimoja? Au amejua tu jinsi alivyojisikia?

Katika Uislamu swali hili liliulizwa kwa ukali na kwa akili nyingi. Fikra ya umoja wa kuwapo, wahdat al-wujud, huhusishwa na Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kufariki Damascus mwaka 1240, ingawa jina hilo la fikra lilienea zaidi baada yake. Karne kadhaa baadaye, Ahmad Sirhindi wa Bara Hindi, aliyefariki mwaka 1624, alijibu kwa mfano wake wa kila siku. Jua likichomoza, nyota hazionekani. Anayetazama mbingu mchana anaona jua tu, na anasema kweli anaposema haoni kingine. Akisema nyota hazipo, amekosea. Kwa hiyo, alisema Sirhindi, huo ni umoja wa kushuhudia, haujawa umoja wa kuwapo. Mja anabaki mja, Mola anabaki Mola, hata pale ambapo mja haoni ila Mola.

Masheikh wa tariqa za pwani yetu waliishi na mvutano huu kwa vitendo. Sheikh Uways wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909, aliieneza tariqa ya Qadiriyya, na makhalifa wake wakaifikisha Zanzibar na bara. Aliyewahi kukaa karibu na duara la zikri anajua pumzi za watu wengi zinavyogeuka kuwa pumzi moja, na jinsi anayehesabu anavyoacha kuhesabu. Pia anajua kwamba zikri ikiisha watu huinuka wakaswali, kila mmoja kwa mwili wake na kwa dhambi zake. Duara haliifuti sheria.

Nami nitasema msimamo wangu wazi, maana mhadhara wa umma si mahali pa kujificha. Naona Sirhindi ana haki katika hoja yake. Kuonja chumvi katika maji yote hakuthibitishi kwamba hakuna kingine ila chumvi. Tukio la fahamu, hata likiwa la kina namna gani, haliwezi peke yake kutuambia ulimwengu umejengwa kwa nini. Lakini tukio hilo linathibitisha jambo dogo zaidi ambalo lina uzito wake: kwamba yule mtazamaji wa ndani, tunayempigania, tunayemlinda, tunayemkasirikia, hakuwa msingi. Anakuja na kwenda. Mtu aliyeliona hilo mara moja hawezi kulikana tena kwa uaminifu, awe Mhindu, Mwislamu, Mkristo au asiye na dini.

Kuna pingamizi la pili ambalo linanigusa zaidi kuliko la Sirhindi, kwa kuwa linahusu watu wanaoumia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha, katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, na kutoka hapo mazoezi ya kuwapo yakaingia hospitalini, shuleni na maofisini duniani kote. Mengi yaliyotoka humo ni mema. Lakini mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na wenzao, walichapisha katika PLOS ONE utafiti uliotokana na mahojiano na watafakari na walimu wa tafakuri karibu mia moja wa nchi za Magharibi, na humo wamo walioripoti hofu kali, kukosa usingizi, kuhisi wamepotea au ulimwengu umegeuka kivuli. Baadhi yao walihitaji kulazwa. Mpaka wa nafsi ukilegea kwa mtu mwenye majeraha ya zamani, bila mtu wa kumshika mkono, matokeo yanaweza kuwa mateso. Mapokeo ya kale yalilijua hili. Ndiyo maana tariqa zilidai sheikh na nyumba za watawa zilidai mwalimu. Programu ya simu haimwoni anayetetemeka.

Na kuna matumizi mengine mabaya, ambayo nayataja kwa uchungu. Mfanyakazi asiyelipwa kwa wakati akiambiwa na mwajiri wake ajifunze kuishi katika sasa, hafundishwi hekima; ananyamazishwa. Mpishi wa Tiantong aliikubali kazi yake kwa hiari na aliheshimiwa kwayo. Kuchukua maneno yake na kumwekea kinywani mtu aliyedhulumiwa ni wizi. Ufahamu usio na uwili, kama una maana yoyote, hauniruhusu kuliita deni la mshahara wake wingu linalopita angani.

Kwa sababu hizo zote ninaliomba jopo la mitaala lililopo hapa lipokee pendekezo la kozi nitakaloliwasilisha muhula ujao. Mwanafunzi atafanya mazoezi mafupi yasiyo na hatari, la kidole na la chumvi, kabla ya kusoma ufafanuzi wowote, na ataandika alichokikuta kwa lugha yake mwenyewe. Mshauri nasaha wa wanafunzi atakuwamo darasani kama mwalimu mwenza. Matini yatasomwa kwa Kiswahili, na pale yasipopatikana tutayatafsiri, kazi ambayo wenzangu wa idara ya Kiswahili wamekubali kushirikiana nasi. Na Ahmad Sirhindi tutamsoma wiki ya kwanza, kabla ya Shankara.